Risala ya Siku ya Wauguzi imekatwa aya nzima, nisome ipi mbele ya mgeni rasmi?

Nesi wa Kona
Wakuu habarini za muda huu, mnivumilie nikiandika ovyo nimetoka naiti asubuhi hii na sijalala. Mimi ni nesi hospitali ya halmashauri fulani, mwaka wa nne kazini, na mwaka jana wenzangu walinichagua katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, nahisi walinichagua kwa sababu siku ile sikuwepo kikaoni nikajitetea.

Sasa tarehe 12 Mei ndo Siku ya Wauguzi, kama kawaida maandamano, mishumaa, kiapo, alafu risala kwa mgeni rasmi ambaye ni mkuu wa wilaya. Mwaka huu risala nimepewa mimi niandike. Kurasa tatu, na roho yake ilikuwa aya ya nne: posho za on-call (kuitwa kazini nje ya zamu) za miezi tisa hazijalipwa, na usiku wodi ya wazazi anabaki nesi mmoja na mhudumu mmoja. Nikaweka mpaka la juzi, wazazi wawili wamefika kusukuma kwa pamoja, mimi nimebanwa na huyu wa kwanza naita mhudumu kaenda maabara, yule wa pili mtoto kapokelewa na mama mkwe aliyekuja kuleta uji, nafika namkuta ameshika mtoto kwa mikono miwili na chupa ya uji bado iko kwapani. Mtoto mzima, Mungu mkubwa.

Risala ikaenda kwa wakubwa "kupitiwa". Imerudi aya ya nne yote imepigwa X kwa kalamu nyekundu, pembeni pameandikwa isomeke "tunaishukuru serikali kwa kuendelea kuboresha mazingira ya kazi". Alafu nikaambiwa kwa mdomo, tena kwa upole kabisa, binti daraja lako si linakuja mwaka huu?

Kama hiyo haitoshi kuna jamaa ana ndoto za udiwani kapata tetesi, kanipigia anasema nimpe hiyo aya ataisemea yeye na atatoa tisheti mia za maandamano. Chama ngazi ya juu nimepiga simu naambiwa tulieni linafanyiwa kazi.

Nisome ya kwangu, nisome ya kwao, au nimpe huyu jamaa? Povu ruksa ila na ushauri uwepo.

Bwana Kibuyu
Soma ya kwao, kula pilau, kunywa soda, panda daraja. Hao waliokuchagua hukuwepo ndo watakuwa wa kwanza kukukana.

Chumvi ya Mawe
Mnadai posho wakati lugha zenu mnazijua wenyewe. Mke wangu mwaka juzi yuko leba analia uchungu anaambiwa "siku ile ulilia hivi?" Malizaneni na hilo kwanza.

Nesi wa Kona
Chumvi ya Mawe pole kwa shemeji, aliyesema hivyo alikosea na simtetei hata kidogo. Ila siku nyingine muulize shemeji usiku ule manesi walikuwa wangapi.

Tochi
Gomeni siku mbili tu. Mbona itatoka.

Mama Zamu
Tochi usimpoteze mtoto wa watu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 77, huduma za afya ziko kwenye orodha ya huduma muhimu, hakuna mgomo hapo. 2012 madaktari waligoma na wote tuliona nchi ilivyotikisika na yaliyowapata, na hao walikuwa madaktari, sisi tungeliwa nyama.

Mwanangu Nesi wa Kona, mimi nimestaafu, nimevaa gauni jeupe miaka 31 na risala nimesoma kwa mdomo wangu mara sita. Mara zote sita mgeni rasmi alijibu "changamoto nimezipokea" na kesho yake gari lake lilipita na vumbi lilelile. Risala ni sherehe. Ukipanda pale ukasoma nyingine tofauti na iliyopitishwa utapigiwa makofi dakika tano, alafu utaandikiwa barua ya kujieleza, na madai yenyewe yatasahaulika watu wabaki wanajadili utovu wako wa nidhamu. Nimeona kwa mwenzangu.

Ila na wewe usisome uongo. Hiyo sentensi ya kushukuru mpe mwingine aisome, wewe siku hiyo shika mshumaa. Aya ya nne igeuze barua ya tawi, kwa mkurugenzi, nakala kwa mganga mkuu na muuguzi mkuu wa wilaya, ipeleke masjala na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Barua yenye muhuri haipigwi X.

Na kitu kingine vijana mnachanganya, TANNA ni chama cha taaluma, chama cha wafanyakazi ni kile kinachokata asilimia kwenye mshahara wako. Cha kwanza kikutetee heshima ya uuguzi, cha pili ndo kina haki ya kukaa mezani na mwajiri. Gonga mlango sahihi.

Kidoti
Sikubaliani na mama. Miaka 31 ya barua na bado mnadai, muhuri umewasaidia nini? Mimi ningesoma yangu. Kifungu cha 9 cha sheria hiyohiyo kinakataza kumbagua mtu kwa kushiriki shughuli halali za chama.

Mama Zamu
Kinakataza ndiyo, na wewe utakuwa Dodoma unakisoma wakati yeye yuko kituoni kwake anapangiwa naiti mfululizo.

Makisio
Niko idara ya mipango halmashauri moja hivi, nimesoma nikacheka kidogo nisameheni. Dada, nyinyi wa halmashauri mko TAMISEMI, ofisi inayosimamia halmashauri, sio Wizara ya Afya. Bajeti ya TAMISEMI husomwa Dodoma Aprili, Julai 1 mwaka mpya wa fedha unaanza. Yaani tarehe 12 Mei unaomba nyama wakati ng'ombe alishagawanywa, tena unamuomba mkuu wa wilaya ambaye hata kisu hakushika.

Makisio ya halmashauri tunayaanza Novemba Desemba, baraza la wafanyakazi linakaa kuyapitia, yanaenda kamati ya fedha, uongozi na mipango, alafu madiwani wanapitisha kama Januari Februari. Hapo ndo pa kubanana. Na katika baraza la wafanyakazi wewe chama chako kina viti! Miaka niliyokaa humo wajumbe wa afya wananiuliza tu chakula kinaletwa saa ngapi.

Alafu umefunga madai mawili kamba moja. On-call inatoka OC (fedha za matumizi mengineyo) au mapato ya ndani, hiyo ni ya mkurugenzi na madiwani. Upungufu wa manesi ni ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, inahitaji kibali cha ofisi ya Utumishi, mkurugenzi hata akikupenda vipi hawezi kuajiri. Tenganisha, barua mbili.

Huyo wa tisheti mkatalie mapema. Ukishavaa jina lake, diwani aliyepo ambaye ndo anapiga kura kwenye bajeti anakuona mpinzani. Badala yake baraza la madiwani ni la wazi, wasio zamu mje mkae nyuma kimya. Madiwani wanasoma nyuso bwana.

Na usiandike hadithi peke yake. Ya mama mkwe na chupa ya uji iweke, inauma, ila chini yake weka hesabu.

Nesi wa Kona
Makisio ubarikiwe, hivi vitu hakuna aliyetufundisha. Mama Zamu shikamoo. Jamaa wa tisheti nimeshamwambia hapana, kakata simu bila kuaga.

Nimekaa na kitabu cha ripoti cha wodi hapa nahesabu kuanzia Julai. Julai usiku 31, nesi peke yake usiku 22. Nimefika Agosti, ila tarehe 11 na 12 kuna mtu alimwaga chai ukurasani, hapasomeki. Niweke ngapi?

Makisio
Andika hapasomeki.