Naomba ushauri: karata zenye maandishi ya Kijapani na michoro ya ukutani

Wakuu, habari za leo. Nabuni seti ya karata 52 na najaribu kuunganisha vitu viwili ninavyovipenda mno: maandishi ya kanteiryu na grafiti. Kanteiryu ni mwandiko wa mabango ya kabuki (maigizo ya jadi ya Kijapani), ulioanzishwa mjini Edo (Tokyo ya leo) mwaka 1779 na Okazakiya Kanroku. Mistari yake minene hujibana hadi nafasi nyeupe karibu iishe, ishara ya kuombea ukumbi ujae watu. Ukiutazama vizuri, unakaribiana sana na herufi nono za rangi ya kupuliza.

Shida yangu ni pembe za karata. Mchezaji akizitandaza mkononi huona ukanda mwembamba tu wa kushoto, na hapo ndipo namba na alama lazima zisomeke haraka. Kwenye karata ya milimita 63 kwa 88, unene ule unageuka doa. Isitoshe, herufi za Kijapani za moja, mbili na tatu (一, 二 na 三) zikizibwa nusu na kidole zinachanganya.

Nafikiria niweke namba za kawaida pembeni, mwandiko ubaki katikati pamoja na michirizi ya rangi. Je, hilo litaua ladha yake? Kopa na uru zote ziwe nyekundu, au kila moja ipate rangi yake? Na mgongo, je, niuzungushie ukingo mweupe ili mashine ikikata vibaya isionekane sana?

Waliowahi kuchapisha karata, nisaidieni. Anayesoma Kijapani vizuri pia namhitaji anikagulie herufi kabla sijapeleka kiwandani.