Mjadala: Je, mali ndiyo iliyoipoza imani ya Kanisa, au imani iliyopoa ndiyo iliyokimbilia mali?

Mleta mada

Wapendwa, ninaleta swali ambalo mara nyingi hujadiliwa kwa hasira kuliko kwa utulivu. Je, utajiri ndio unaozima moto wa imani ndani ya Kanisa, au Kanisa huanza kuutafuta utajiri baada ya moto huo kuzimika? Tofauti hiyo ina uzito, kwa kuwa kosa likiwa la mali yenyewe, dawa ni kuiondoa mali; lakini kosa likiwa la moyo uliokwisha kupoa, tunaweza kuuza kila tulicho nacho na bado tukabaki vuguvugu.

Ninaanzia Laodikia, kanisa linalokemewa katika sura ya 3 ya kitabu cha Ufunuo kwa kuwa vuguvugu, si baridi wala si moto. Mji huo ulikuwa katika bonde la mto Lycus, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, nao ulisifika kwa biashara ya fedha na kwa sufu yake nyeusi. Tetemeko la ardhi lilipoubomoa mnamo mwaka 60 baada ya Kristo, mwanahistoria Mroma Tacitus anaeleza kwamba ulijijenga upya kwa mali yake wenyewe, bila kusaidiwa na Roma. Anayelijua jambo hilo akisoma kauli ya kanisa la mji huo, kwamba ni tajiri, limejitajirisha na halina haja ya kitu, anatambua mara moja kwamba waumini walikuwa wakinena kwa sauti ya mji wao. Majivuno ya soko yalikuwa yamekwisha kuingia ibadani, na yaelekea hakuna aliyeyaona yakiingia.

Kuhusu uvuguvugu wenyewe, wafafanuzi wengi hukumbusha kwamba Hierapoli ya jirani ilikuwa na chemchemi za maji ya moto, na Kolosai ilikuwa na maji baridi ya kunywa, ilhali Laodikia ilitegemea maji yaliyosafirishwa kwa mabomba ya mawe. Maji ya moto yana kazi yake na maji baridi yana kazi yake. Ikiwa maelezo hayo ni sahihi, nami naona yana nguvu, basi karipio lile halihusu upungufu wa shangwe. Kanisa linalotikisa kuta kwa vigelegele na vipaza sauti linaweza kuwa vuguvugu sawasawa na lile linalonong'ona liturujia yake huku nusu ya viti ikiwa mitupu, endapo kuwapo kwake hakumponyi wala hakumburudishi mtu yeyote.

Msimamo wangu ni kwamba uvuguvugu huanza siku ambayo kanisa halihitaji kitu tena, na mali ndiyo njia fupi kuliko zote ya kufika huko. Dalili yake ya kwanza haionekani katika majengo wala katika magari ya watumishi, ingawa huko ndiko watu wengi hutazama. Inaonekana katika mambo ambayo mimbari imeacha kuyasema. Mchungaji anayejua kwamba mzee fulani wa kanisa anawanyima vibarua wake ujira, na anayejua pia kwamba mzee huyo ndiye aliyelipia paa, atahubiri juu ya uzinzi, ulevi na mavazi mwaka mzima bila kuigusa sura ya 5 ya Waraka wa Yakobo, ambamo ujira uliozuiliwa wa wavunaji unapiga kelele. Hakuna aliyemkataza, amejikataza mwenyewe. Naomba michango yenu, na hasa ya wale wasiokubaliana nami.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa kuliweka swali vizuri, lakini mimi ni mmoja wa hao wasiokubaliana nawe. Nimehudumu kwa muda mrefu kama mweka hazina wa usharika, na ninaifahamu hali ambayo wanaoisema vibaya fedha ya Kanisa hawaifahamu, yaani kukaa mwisho wa mwezi bila posho ya mwinjilisti, huku mjane akiwa mlangoni anaomba msaada wa kumzika mtoto wake. Usharika usio na kitu hauwi mtakatifu kwa sababu hiyo. Mara nyingi huwa mwepesi zaidi wa kununuliwa, kwa kuwa yeyote anayekuja na bahasha anapokewa kama malaika.

Maandiko nayo hayamchukii mwenye mali kwa kuwa anayo. Luka 8 inawataja Yoana, Susana na wanawake wengine waliomhudumia Yesu na wanafunzi wake kwa mali zao. Yusufu wa Arimathaya, ambaye Mathayo anamwita mtu tajiri, ndiye aliyetoa kaburi. Lidia alikuwa mfanyabiashara wa rangi ya zambarau, na nyumba yake ndiyo iliyowapokea Paulo na wenzake kule Filipi. Ondoa watu hawa, kisha uniambie huduma ile ingesimama juu ya nini.

Tena kuna jambo ambalo wahubiri wa umaskini hawapendi kuulizwa. Kwa karne nyingi maskini ameambiwa avumilie kwa kuwa thawabu yake iko mbinguni, na waliomwambia hivyo walikuwa wameshiba. Muumini anapochoka na mahubiri hayo na kwenda kwa mhubiri anayemwambia kwamba Mungu anataka watoto wake wasome na wale, sioni kwa nini tumhukumu kuwa amepoa. Huenda ndiye mwenye moto kuliko sisi.

Mchangiaji wa pili

Mweka hazina amesema kweli kuhusu njaa ya muumini, lakini hakusema ni nani anayeivuna. Kikundi cha wanateolojia wa harakati ya Lausanne, mtandao wa kimataifa wa Wakristo wa kiinjili, kilichokutana Akropong, Ghana, mwaka 2008 na 2009 kilitambua jambo hilihili, kwamba mafundisho ya mafanikio hustawi penye umaskini wa kutisha na kwamba kwa wengi ndiyo tumaini pekee walilobakiwa nalo. Hata hivyo kikundi hicho hakikuishia kwenye huruma. Kilisema wazi kwamba mafundisho hayo yanaipotosha Biblia, na kwamba mara nyingi wanaofaidika nayo kwa fedha ni wahubiri wenyewe.

Tazama jinsi kazi inavyofanyika. Malaki 3:10 inasomwa karibu kila Jumapili: leteni zaka kamili ghalani. Ni mara ngapi umesikia Kumbukumbu la Torati 14:28 na 29 ikisomwa pamoja nayo? Hapo zaka ya mwaka wa tatu inawekwa malangoni ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane waje wale washibe. Andiko la kukusanya linahubiriwa, la kugawa linarukwa. Kisha muumini anaambiwa apande mbegu, yaani atoe fedha akitarajia baraka, na mbegu isipoota anaambiwa kwamba imani yake ni ndogo, hivyo anarudi kupanda kubwa zaidi. Mafundisho hayo hayawezi kushindwa kamwe, maana kila yanaposhindwa lawama inamwendea maskini.

Na yule mjane wa senti mbili katika Marko 12, anayetumiwa kuwafundisha watu kutoa mpaka cha mwisho, usome aya iliyomtangulia. Yesu alikuwa ametoka tu kuwashutumu waandishi wanaokula nyumba za wajane. Baada ya aya hiyo, mimi siwezi kumsoma mjane yule kama kielelezo cha ukarimu peke yake. Namwona pia kama ushahidi wa mashtaka.

Mchangiaji wa tatu

Naomba kuongeza kidogo kutoka katika historia, kwa sababu swali la mleta mada limekwisha kuulizwa na watu waliolilipia gharama.

Yohana Krisostomo alipofanywa askofu wa Konstantinopoli mwaka 398, alipunguza matumizi ya nyumba ya askofu na kuelekeza fedha kwa wagonjwa na maskini, huku akiwakemea matajiri wa mji mkuu, bila kuwaacha watu wa jumba la kifalme. Alifukuzwa, na mwaka 407 akafa uhamishoni. Ukitaka kujua gharama ya ile mimbari isiyonyamaza ambayo mleta mada anaitamani, hiyo ndiyo. Kinyume chake ni biashara ya vyeti vya rehema iliyomchukiza Martin Luther mwaka 1517, ambayo sehemu ya mapato yake ilikwenda kulipa deni la benki alilolichukua askofu mkuu Albrecht wa Mainz ili apate cheo chake. Waumini walidhani wananunua nafuu ya marehemu wao, kumbe walikuwa wakilipa mkopo.

Lakini anayenisumbua zaidi ni John Wesley, mhubiri Mwingereza wa karne ya 18 aliyeanzisha Umethodisti. Aliwafundisha Wamethodisti wapate kadiri wawezavyo kwa njia halali, waweke akiba kadiri wawezavyo, kisha watoe kadiri wawezavyo. Katika uzee wake alilalamika kwamba wengi walikuwa wameyatii mafundisho mawili ya kwanza na kulipuuza la tatu. Hoja yake ilikuwa ya kutisha kwa jinsi ilivyo rahisi: imani ya kweli humfanya mtu awe na bidii na asiwe mbadhirifu, mambo hayo mawili huzaa mali, na mali huzaa kiburi na kuipenda dunia. Kwa hiyo nakujibu, mleta mada, kwamba pande zote mbili za swali lako ni kweli kwa zamu. Imani iliyowaka huleta mali bila kuikusudia, nayo mali ikikaa bila kutolewa huila imani iliyoizaa. Wesley alikiona chanzo cha ugonjwa, na dawa aliyoijua ilikuwa moja tu, kutoa. Ila hakuweza kuwalazimisha watu wainywe.

Mleta mada

Nawashukuru. Nimjibu kwanza mweka hazina, kwa kuwa hoja yake ndiyo nzito. Sikusema kwamba ufukara ni utakatifu. Kanisa la Smirna linaambiwa katika Ufunuo 2:9 kwamba umaskini wake unajulikana, na hata hivyo ni tajiri. Lakini halisifiwi kwa kuwa halina kitu, linatiwa moyo kwa kuwa linadhikiwa na bado limesimama. Nakubali pia kwamba fukara anaweza kununuliwa. Tofauti ninayoiona ni kwamba fukara aliyenunuliwa kwa kawaida anajua kwamba amenunuliwa, na aibu hiyo inaweza kumrudisha. Laodikia ilikuwa uchi na haikujua. Ndiyo sababu inaambiwa inunue dawa ya macho.

Kuhusu wanawake wa Luka 8, angalieni kwamba mali yao ilikwenda nao njiani. Haikuwanunulia kiti cha mbele, wala hatusomi kwamba Yesu alipunguza ukali wa maneno yake kwa ajili yao. Zakayo naye alitoa nusu ya mali yake kwa maskini na kuahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Wengi wetu tungepokea ile nusu kwa furaha, tukampa nafasi ya kusalimia waumini, na lile la kuwarudishia waliodhulumiwa tukaliacha kuwa siri yake na Mungu wake.

Kwa hiyo napendekeza tuache kupima uvuguvugu kwa ukubwa wa akaunti, tuupime kwa maswali yenye majibu. Je, mtoaji mkubwa kuliko wote anaweza kukemewa na akabaki mshirika? Je, maskini aliyevaa mavazi mabovu, yule wa Yakobo 2, anaketishwa wapi? Je, muumini wa kawaida akiomba kuona hesabu anaonyeshwa, au anaambiwa asimguse mpakwa mafuta wa Bwana?

Mchangiaji wa kwanza

Kwa maswali hayo matatu tumekaribiana, ingawa bado sikubali kwamba mali ndiyo njia fupi kuliko zote ya kupoa. Nimeona makanisa yaliyopoa kwa uchovu, kwa ugomvi wa madaraka na kwa mazoea, bila sarafu ya kuwapotosha.

Hesabu zionyeshwe, na hapo siteti. Paulo mwenyewe, alipopeleka mchango kwa watakatifu wa Yerusalemu, hakutaka ushikwe na mtu mmoja. Katika 2 Wakorintho 8 anaeleza kwamba ametuma pamoja na Tito ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu asije akawalaumu kwa habari ya karama hiyo. Ikiwa mtume aliona haja hiyo, mchungaji wa leo hana sababu ya kuona ametukanwa anapoombwa risiti.

Ila nina sharti langu, na naomba walijibu hasa wale wanaodai uwazi. Matumizi yote yasomwe hadharani, lakini majina ya watoaji na viwango vyao yasisomwe. Mtindo wa kumwita mbele aliyetoa kingi, apigiwe makofi na kuombewa peke yake, ndio unaoifanya mimbari iwe na deni kwake kabla mahubiri hayajaanza, na hapo mchungaji hana tena uhuru ambao mleta mada anamdai. Je, mko tayari kuuacha mtindo huo, mkijua kwamba kikapu cha Jumapili ya kwanza baada ya hapo huenda kikarudi chepesi?

Mchangiaji wa pili

Mimi niko tayari, nami naongeza kwamba wazee wa kanisa ndio watakaolikataa pendekezo hilo kabla ya mchungaji, kwa kuwa wengi wao ndio wanaoitwa mbele.