Tupeane uzoefu: mtoto yuko chuo mwaka wa pili, anataka kuhamia sanaa. Nyie mlichaguaje chuo?

Mama wa Moro:
Habarini wakubwa. Binti yangu ana miaka 20, anasoma shahada ya uhasibu. Likizo hii niliazima daftari lake nipige hesabu za kikoba, nikafungua katikati. Kushoto mizania, safi kabisa. Kulia, kwa kalamu ya bluu, mkono wa konda wa daladala: noti zimekunjwa kwa urefu, kila moja imebanwa kati ya vidole viwili, na kucha ya dole gumba imepasuka. Ukurasa uliofuata, mkono mwingine. Nikahesabu mikono kumi na mmoja, hesabu za kikoba nikazisahau.

Nilipomuuliza akalia. Anasema uhasibu nilimchagulia mimi, na kweli nilimchagulia. Baba yake alinuna wiki mbili, sasa kalainika, ila katoa sharti: leteni chuo kinachoeleweka, si maneno. Mezani tuna Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar), Bagamoyo na Makerere. Mliopitia huku nisaidieni. Habari za "sanaa hailipi" msihangaike nazo, shemeji yangu anatosha.

Baba Pacha:
Hongera kwa kufungua daftari mapema, mimi nilisubiri mpaka wangu akafeli na kubeba masomo manne.

Wangu alikwenda TaSUBa, hicho chuo cha sanaa cha Bagamoyo. Pale pamekuwa chuo tangu 1981 na sifa yake kubwa ni ngoma, maigizo na muziki. Uchoraji upo, lakini mtoto ataishi na ngoma asubuhi na jioni. Mwanzoni alinung'unika kila akipiga simu. Baadaye akaanza kuwachora wachezaji wakiwa wamechoka, wamekaa chini, jasho linawatoka. Picha ya kwanza kuiuza maishani mwake ilikuwa mojawapo ya hizo. Kwa hiyo usiulize tu kozi, uliza atakuwa amezungukwa na nini.

Na mwende siku ya kazi. Kuna chuo kingine, sikitaji, nilikiona siku ya mahafali nikakipenda. Nikarudi Jumanne saa nne asubuhi: chumba cha kuchorea kimefungwa, mwenye ufunguo yuko likizo. Nikachungulia dirishani. Brashi zimesimama ndani ya kopo la maziwa, rangi imekauka, zimekuwa vijiti. Fomu niliondoka nayo.

Mwana Bukoba:
Sisi wa Kagera, Kampala ni karibu kuliko Dar, hivyo Makerere haikuwa safari ya ajabu. Shule ya sanaa pale ilianzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937, na Watanzania wamepita tangu zamani: mchoraji Sam Ntiro alisoma pale akafundisha pale, Elimo Njau naye alipita. Baba mkwe alikuwa anapinga, alipolisikia jina la Ntiro akanyamaza.

Ila jina la chuo halihamishi krediti. Kijana wangu alitoka ualimu wa hisabati akidhani ataingia mwaka wa pili. Akaanza wa kwanza. Simlaumu mtu, hisabati utaihesabuje kwenye uchongaji? Kosa letu ni kwamba hatukuuliza kabla ya kupanga bajeti. Chukua matokeo yake, pata maelezo ya kila somo, mpelekee mkuu wa idara unakoenda, na jibu alitoe kwa maandishi. La mdomo hata sisi tulikuwa nalo.

Mzazi Eastlands:
Salamu kutoka Nairobi. Wangu aliacha uhandisi akaenda Buruburu Institute of Fine Arts kufanya diploma. Majirani walisema ameshuka cheo. Sawa tu.

Nitaongea juu ya kazi za kuonyesha unapoomba nafasi. Alikuwa amepanga picha sita safi, zote amenakili kutoka kwa simu. Mwalimu mmoja wa sanaa hapa mtaani akaziangalia dakika moja, akamwambia, "Hizi zinaonyesha una simu nzuri. Niletee zile umeharibu." Akaleta madaftari ya miaka mitatu: viatu, mama mboga, paka mmoja amechorwa mara arobaini. Hapo ndipo mwalimu akavuta kiti. Mama wa Moro, hilo daftari la uhasibu usilitupe, nalo liende.

Niliyepigwa:
Mimi fupi. Chuo cha michoro ya kompyuta, ghorofa ya tatu, mashine mpya, kiyoyozi. Ada nikalipa ya mwaka mzima. Alipotaka kuhama ndipo tukagundua hakina usajili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, matokeo yake hayapokelewi popote. Cheti cha usajili kilikuwepo ukutani kwenye fremu, cha kampuni! Angalia mwenyewe kwenye orodha ya NACTVET. Kwa vyuo vikuu ni TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, na dirisha la kuhama lina tarehe zake, likifungwa limefungwa.

Mchapa Tisheti:
Kwa nini asiahirishe mwaka kwanza? Kuahirisha kwa barua, siyo kutoroka. Na kama anapata boom, yaani hela ya mkopo, aulize Bodi ya Mikopo kabla hajasaini chochote.

Wangu aliahirisha, akawa anashinda Nafasi Art Space, Mikocheni. Wasanii wana studio zao pale, unawaona wakifanya kazi. Miezi mitatu akagundua hapendi kabisa kupaka rangi, anapenda kuchapa. Mimi nilishamtafutia chuo cha wachoraji! Muulize binti anapenda mikono yake ishike nini siku nzima.

Mama wa Moro:
Mrejesho. Nilimuuliza swali la Mchapa Tisheti, akajibu bila kufikiri: "Penseli, mama. Rangi sijui bado."

Jumatano tulikwenda Mlimani. Nilipotoka ofisini nikamkuta amekaa chini na wanafunzi wawili, wanapeana daftari, mimi nimeachiwa pochi. Barua ya kuahirisha tumeshapeleka, nakala imegongwa muhuri. Maelezo ya masomo tunayasubiri, Mwana Bukoba ametuokoa.

Baba yake amesoma majibu yote humu, hakuniambia. Jana usiku ananiuliza, "Bagamoyo tunaenda lini?" Nikamwambia Alhamisi. Akasema vizuri, siku ya kazi, ataanza kwa kuangalia brashi.