Mrejesho: nguzo za ngazi zenye vifundo visivyolingana

Habari zenu mafundi. Mwezi jana niliuliza hapa nitakerezaje (yaani kuchonga mti ukizunguka kwenye mashine) nguzo 14 za ngazi ya nyumba ya zamani hapa Kisumu, zifanane na zilizobaki, na vifundo vyake, zile sehemu za mviringo zilizovimba, haviko kwa nafasi sawa. Asanteni sana mlionijibu.

Nilikata kipande cha plaiwudi kwa umbo la nusu ya nguzo, na ukingo ulionyooka nikautia pengo dogo kwa kila kifundo. Mti ukizunguka, unagusisha penseli kwenye kila pengo na mstari unajichora duara nzima. Tatizo la nafasi likaisha siku hiyohiyo.

Unene ndio ulinitesa. Nguzo 3 za kwanza zilitoka nyembamba shingoni. Aliyeniambia nitenge kalipa (kifaa cha miguu miwili cha kupimia unene) moja kwa kila kipimo aliniokoa kweli: milimita 22, 30 na 41, ncha nimezipiga tupa ziwe mviringo zisinase. Nakata mfereji mpaka kalipa ipite, ndipo natengeneza umbo.

Bado mti unatetemeka katikati. Kile kibao mlichonishauri, cha kuegemeza mti kwa nyuma, kimesaidia nusu tu, kwa hiyo namalizia na msasa. Nguzo 11 zimeshafungwa. 3 narudia wiki hii.