KULUNGU YUKO HATUA AROBAINI, MTU MZIMA ANAPOKEA SIMU!! (Mnamjua, simtaji)

Kijana wa Mlimani

Wakuu, niko ndani ya gari, hita nimefungulia mpaka mwisho na vidole bado havikunji. Naandika kwa dole gumba. Msinisahihishe herufi leo. Leo sitaki.

Yule mzee. Mnamjua. Simtaji. Yule wa pikapu yenye stika ya Simba na ya Yanga kwenye kioo kimoja. Yule aliyechoma mbuzi kwenye bustani ya jiji mpaka zimamoto wakaja, akawakaribisha. Huyo huyo.

Leo msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki umefunguliwa hapa Pennsylvania, Marekani, Jumamosi ya baada ya Sikukuu ya Shukrani. Kwa mlioko nyumbani ambao hamjui, huku hii ni Idi na Krismasi zimegongana. Jumatatu shule kibao zinafungwa watoto waende porini na baba zao. Ndiyo siku aliyoichagua kunimaliza.

Mimi sina shamba. Sina mkwe mwenye shamba wala mzungu wa kunipa shamba lake. Nawinda ardhi ya umma, Msitu wa Taifa wa Allegheny, ekari zaidi ya laki tano. LAKI TANO. Shikeni hiyo namba. Tangu Oktoba naupanda ule mgongo wa kilima, natafuta miti iliyochubuliwa magome kwa pembe, natafuta pale madume wanapoparua udongo, nikajua wanapita wapi wakitoka kwenye mialoni. Sikumwambia mtu. Hata mama sikumwambia.

Leo saa kumi na moja alfajiri nimeshaketi nyuma ya gogo, giza totoro, sipumui. Mara naona tochi inapanda. Inapanda NDANI YA NYAYO ZANGU. Ameona gari langu barabarani, kaegesha nyuma yake, kafuata nyayo kwenye theluji mpaka mlangoni kwangu. Kavaa kizibao cha rangi ya chungwa juu ya koti la suti. Chupa ya chai mkononi. Katafuta mahali pa kukaa kwenye ekari laki tano, akaona panamfaa hatua ishirini kutoka kwangu.

Nimelelewa, kwa hiyo nikampa shikamoo. Kwa kunong'ona. Akajibu:

"MARAHABAAAA BWANA MDOGO! HUJAMBO? NYUMBANI WAZIMA?"

Kulungu wa Ohio wamejibu wazima.

Nikamnong'oneza, Mzee, mimi nimetangulia hapa. Akacheka. "Ardhi ya umma hii. Umenunua?" Sawa, kisheria siwezi kumfukuza, huku hata ukifunga kiti chako cha kuwindia mtini hakikupi hati ya kiwanja. Nikameza.

Saa mbili kasoro dakika kumi, dume katokea. DUME. Hatua arobaini, kanipa ubavu mzima, mvuke unamtoka puani. Sasa huku mtu mzima hafyatui tu kwa kuona pembe. Mahali nilipo lazima pembe ya upande mmoja iwe na matawi matatu, ukikosea umevunja sheria. Kwa hiyo unahesabu. Nimemweka kwenye darubini, kuna kitawi cha mti kimeziba ncha za pembe, anageuza kichwa polepole, nahesabu. Moja. Mbili.

SIMU IKALIA.

Mlio wa matarumbeta ya harusi. Sauti mpaka mwisho. Na simu kulia ni ajali, ningesamehe, mimi ni Mkristo. ALIPOKEA. Wakuu, alipokea! Akaweka na spika! "Haloo! Haloo! Nakusikia! Niko porini! PO-RI-NI! Mchango natuma Jumatatu!"

Mimi pale kilimani mtandao haunishikii hata wa kutuma salamu. Yeye anapokea Kahama bila kukatika.

Kulungu alikanyaga chini mara moja, akakoroma, mkia mweupe juu, kwaheri. Kama lilikuwepo la tatu au halikuwepo, mtaniambia ahera.

Alipomaliza maongezi (hakukata, ALIMALIZA, aliulizia mpaka mguu wa shangazi) akanigeukia: "Bwana mdogo, umejipulizia nini? Mnyama amekunusa."

Nimefika kwenye gari, nafungua kundi la jumuiya, nakuta ujumbe wake wa sauti: "Nimejaribu kumfundisha kijana wetu leo, ila kaenda porini ananukia bwana harusi." Watu wanacheka. Mama yangu mzazi kaweka kicheko.

Leseni nimelipa dola 20.97. Risasi zenyewe zina ushuru wa asilimia 11 unaokwenda kuwatunza hao hao wanyama aliowatawanya. Na sabuni niliyoogea ni ya wawindaji, haina harufu kabisa, risiti ninayo.

Alipokea.

---

Mangi wa Erie

Pole mkuu. Nimecheka kwanza, pole imekuja baadaye. Ni yule yule wa zimamoto? Nilikuwepo. Nahodha wao aliondoka na paja.

---

Wifi Yenu

Jamani huo mchango ni wa harusi yangu. Mwacheni mzee apokee simu.

---

Kijana wa Mlimani

Dada hongera sana, lakini kweli saa mbili kasoro asubuhi?

---

Wifi Yenu

Huku ilikuwa saa kumi kasoro jioni, ndiyo kwanza kikao kimeanza. Na wewe jina lako liko kwenye orodha, mbele yake pana kistari.

---

Mangi wa Erie

Hahahaha kistari. Huyu kijana leo kapigwa kila upande.

---

Msee wa Scranton

Wueh! Sisi Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hivyo mimi nikiona swara naona pingu. Lakini buda, "moja, mbili, haloo"? Hiyo nimeigeuza jina la waifai yangu.

---

Kanuni ni Kanuni

Mleta mada, kuna mambo ya kuweka sawa. Sheria ya jimbo inakataza kumvuruga mwindaji kwa MAKUSUDI. Simu ya mchango si makusudi, askari wa wanyamapori atakusikiliza, atakuaga, atakwenda kucheka kwenye gari lake. Pili, ushuru wa asilimia 11 wa sheria ya 1937 unatozwa kwa mtengenezaji, wewe unaubeba tu ndani ya bei. Tatu, usitaje sabuni, kulungu wana pua ambayo sabuni haiifikii. Upepo ulikuwa unatoka wapi?

---

Kijana wa Mlimani

Upepo ulikuwa unatoka kwake unakuja kwangu. Nilisikia harufu ya iliki ya chai yake. ILIKI. Na mimi ndiye ninayenuka.

Halafu suala ni kupokea, wakuu. Alipokea. Mbona hamuongelei kupokea?

---

Papa Jojo Lancaster

Jambo kwenu wote. Ndugu, shida yako ni kidogo sana. Mimi njo nilipoteza. Nilipiga nyama yangu muzuri, nikaipeleka kwa muzungu wa kukata. Nikarudi, akanipa SOSEJI. Nikamuuliza, kichwa iko wapi? Anasema alitupa. Maini? Alitupa. Miguu? Anaangalia mimi tu. Bibi yangu alilia kabisa. Nani anatupa kichwa?

---

Mangi wa Erie

Wapi wanatupa vichwa? Naomba ramani.

---

Kanuni ni Kanuni

Papa Jojo, kichwa na uti wa mgongo kuna maeneo hairuhusiwi hata kuvitoa nje, ni kwa ajili ya ule ugonjwa wa kudhoofisha kulungu. Pennsylvania umeonekana tangu 2012. Vya kwako huenda vilitupwa kwa sababu hiyo.

---

Papa Jojo Lancaster

Na maini? Maini nayo iko na uti wa mgongo?

---

Mchungaji Msaidizi

Bwana asifiwe. Nawaonea huruma nyote ila mimi nina la kwangu. Hapa jimboni Jumapili ilikuwa haiwindwi. Mwaka 2020 wakatoa Jumapili tatu, tukavumilia. 2025 wakafuta katazo lenyewe. Kesho nina ibada, na sauti ya besi yote iko msituni. Besi nzima. Nimebakiwa na mzee mmoja, na yeye ameniambia atachelewa, anapumzika kwanza, leo alikuwa anamfundisha kijana fulani kuwinda.

---

Msee wa Scranton

ALIKUWA ANAMFUNDISHA 😭😭😭

---

Kijana wa Mlimani

Mchungaji, naomba kesho ukianza mahubiri utangaze watu wazime simu. Utangaze ukimtazama.

---

Babu wa Milwaukee

Vijana, mcheke, lakini mnisikilize. Wisconsin, Novemba 2004, ugomvi ulioanzia kwenye kiti cha mtini uliua watu sita. Ile ilikuwa ardhi ya mtu binafsi, sawa, lakini bunduki ni bunduki. Ukikuta mtu amekaa, au amekukalia, teremka uende zako. Msitu ni mkubwa.

---

Mangi wa Erie

Kweli babu, tumekusikia. Kijana ulifanya vizuri kumeza.

Sasa ulijipulizia nini?

---

Kijana wa Mlimani

SIKUJIPULIZIA.

---

Ami wa Mvita

Mimi naona hapa kuna swali la maana hamjaliuliza. Huyo kulungu angeanguka, nani angemla? Bismillahi ilisomwa kabla ya kufyatua? Maana mnyama wa mawindo jina la Mwenyezi Mungu hutajwa wakati wa kupiga, si wakati wa kugawa nyama.

---

Msee wa Scranton

Ami, jamaa hakufyatua. Hakuna mnyama.

---

Ami wa Mvita

Nauliza kwa faida ya wengine.

---

Mpenda Haki 2025 (mwanachama mpya, amejiunga leo, ujumbe wa kwanza)

Huyo mzee mnayemsema namfahamu kwa mbali. Ni mtu wa heshima, mchapakazi, amewasaidia vijana wengi kupata leseni za udereva na hajawahi kudai kitu. Simu aliyopokea ilikuwa ya dharura. Kijana alinukia. Mimi sikuwepo, ila alinukia sana.

---

Mangi wa Erie

Karibu jukwaani mwanachama mpya.

Shikamoo.

---

Mpenda Haki 2025

Marahabaaaa! Hujambo bwana mdogo?

---

Msee wa Scranton

😭😭😭😭😭

---

Wifi Yenu

Mzee jamani. Ila mchango umefika, asante, hukusubiri hata Jumatatu.

---

Kijana wa Mlimani

Mzee, kwa kuwa uko humu, naomba ujibu mbele za watu. Kwa nini ulipokea? Kitufe chekundu kipo. Kiko pembeni ya kijani.

---

Mpenda Haki 2025

Mimi siye. Ila nadhani yule mzee angesema hivi: kulungu wako porini kila siku, simu ya nyumbani huijui imebeba nini mpaka upokee. Na angeongeza kwamba pembe ile ilikuwa na matawi mawili tu. Yeye kule alikokaa hakuna kitawi kilichoziba, alikuwa anaiona vizuri.

---

Mangi wa Erie

Yesu wangu.

---

Kanuni ni Kanuni

Kama ni mawili, kisheria simu ilimwokoa mleta mada na faini.

---

Kijana wa Mlimani

YALIKUWA MATATU. Yalikuwa matatu, la tatu lilikuwa nyuma ya kitawi, lilikuwa linakuja! Mtu alikuwa anaongea na Kahama, ataona pembe saa ngapi?

---

Papa Jojo Lancaster

Ndugu, hata yangu ilikuwa na matawi nane. Leo ni soseji.

---

Mama Pilau

Habarini. Nimesoma juu juu. Hiyo nyama ya kulungu mnauza ratili shilingi ngapi, au ni dola? Nina tenda ya watu themanini Desemba.

---

Kanuni ni Kanuni

Haiuzwi mama. Nyama ya mnyama uliyemwinda huku ni kosa kuiuza. Unakula mwenyewe au unagawa.

---

Mama Pilau

Basi anayegawa anitafute. Ila kulungu ni mkavu, hana mafuta, mkimpika kama ng'ombe mnatafuna viatu. Nyama iloweke usiku kucha kwenye tangawizi, kitunguu swaumu na maziwa ya mgando, asubuhi uichemshe kwanza na supu yake uihifadhi. Ndiyo unakaangia vitunguu mpaka viwe vya kahawia kweli kweli, si vile vya manjano mnavyopika nyie mabachela.

---

Mangi wa Erie

Mama, viungo unatia lini?

---

Mchungaji Msaidizi

Na ule ukakasi wa porini unaondoka kwa maziwa tu, au na ndimu pia?

---

Kijana wa Mlimani

Wakuu, tunaweza kurudi kwenye mada?

---

Mama Pilau

Ndimu usitie kama umetia maziwa, Mchungaji, chagua moja. Viungo vinaingia vitunguu vikishaiva, bizari nzima, mdalasini, karafuu kidogo sana, na iliki.

---

Kijana wa Mlimani

Iliki.

---

Msimamizi

Uzi huu umehamishiwa Jukwaa la Mapishi.

---

Papa Jojo Lancaster

Kama mutu iko na soseji tu, anafanya namna gani?