Mrejesho: mgeni wa mwezi mmoja Sinza

Wakuu, niliuliza mtu anayetoka mkoani kwa basi aanzie wapi akipanga chumba Sinza, Dar, kwa mwezi mmoja. Asanteni, majibu yenu yamefanya kazi.

Toka Mbezi (stendi ya Magufuli), shuka Shekilango, kisha bodaboda. Ila usiseme "Sinza" tu, utazungushwa. Taja kituo: Mori, Kijiweni, Makaburini, Palestina. Bei mpatane kabla hujapanda. Daladala nyingi utazipata Simu 2000 (stendi ya daladala), ukikaribia kituo chako mwambie konda mapema, "Mori, shusha!", la sivyo unapitilizwa.

Penye kazi ni LUKU (umeme wa kulipia kabla). Piga picha namba ya mita, tarakimu 11, kwa sababu tokeni ya mita nyingine haiingii kwako. Tokeni ina tarakimu 20. Ziingize polepole, nne nne. Kama mita iko nje na ndani mna rimoti (kifaa cha kuingizia tokeni), nyingi hazisomi mpaka zichomekwe kwenye soketi, hata betri ziwe mpya. Uniti zikija pungufu usigombane na wakala: manunuzi ya kwanza ya mwezi hukatwa kodi ya jengo. Chumba kikiwa na mita ya pamoja, uliza mnachangiaje umeme kabla hujatoa kodi ya chumba. Mwenye friji na mwenye taa moja wakichanga sawa, ugomvi hauko mbali.

Maji: jaza madumu mawili ya lita 20 bomba likiwa linatoka. Simtanki ya nyumba nzima huisha bila taarifa.