Mrejesho: gego limeng'olewa

Wakuu, niliuliza kama gego langu lililotoboka lizibwe au ling'olewe, maana usingizi ulikuwa haupatikani. Limetoka jana, hapahapa Tanga mjini. Picha ilionyesha usaha kwenye mzizi, na lilibaki gofu tu, hakuna cha kuziba.

Kilichouma ni sindano ya ganzi. Baada ya hapo nilisikia kusukumwa na mlio wa "kwaa" ndani ya taya, maumivu hakuna. Nikang'ata pamba nusu saa.

Daktari amekataza kusukutua kwa saa 24, sigara na mrija: bonge la damu ndilo linalolinda shimo, likitoka mfupa unabaki wazi, na maumivu yake ni makali mno. Dafu nakunywa kwa kikombe. Mliosema nisiogope, asanteni sana.